Kozi ya Wote: Somo la Lazima la Maendeleo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Swali Lake kwa Vyuo vya Kanisa

Utangulizi

Kila chuo kikuu hufundisha masomo ya aina mbili. Yapo yanayomfanya mwanafunzi awe mwanasheria, tabibu, mwalimu au mchungaji. Yapo pia machache ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyasoma, awe wa fani yoyote. Masomo haya ya pili mara nyingi hudharauliwa na wanafunzi, kwa kuwa hayaonekani kuwa na ajira mwisho wake. Hata hivyo ndiyo yanayodhihirisha imani ya chuo juu ya binadamu na jamii, kwa maana anayepanga somo la wote anatamka kwamba haya ni mambo ambayo msomi yeyote, wa fani yoyote, hapaswi kutoka chuoni bila kuyajua.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya somo moja la namna hiyo: kozi ya pamoja iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na ambayo baadaye ilijulikana kama Taaluma za Maendeleo. Lengo la kozi hiyo lilikuwa kuingiza suala la usawa katika elimu ya kila msomi wa Tanzania. Tutaangalia ilivyoanza, mambo iliyoyaona na mambo ambayo haikuyaona. Mwisho tutauliza inalisemesha nini Kanisa, ambalo sasa lina vyuo vikuu vyake na linapaswa kuamua wanafunzi wake wote wasome nini.

Waliokuwapo darasani na wasiokuwapo

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza na Kitivo cha Sheria peke yake, chenye wanafunzi wasiozidi 15, kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kilimani nje ya mji, mahali ambapo wananchi wamezoea kupaita Mlimani.

Ili kuelewa kwa nini usawa ulikuja kuwa somo, hatuna budi kutazama ni nani aliyeweza kufika Mlimani. Wakati wa utawala wa Waingereza shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa kuanzia mwaka 1962, lakini athari zake hazikufutika kwa tangazo. Tena ndani ya shule za Waafrika kulikuwa na mgawanyo mwingine. Tangu Tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924 na sera iliyofuata, serikali ya kikoloni ilizipa ruzuku shule za misioni zilizotimiza masharti yake, na sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika ikawa mikononi mwa misioni. Palipokuwa na misioni yenye nguvu palikuwa na shule. Palipokosekana misioni, mara nyingi palikosekana na shule. Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe zilitangulia. Pwani na sehemu kubwa ya kusini na katikati ya nchi zilibaki nyuma. Waislamu, ambao wengi wao waliogopa, wala si bila sababu, kwamba mtoto anayekwenda shule ya misioni atarudi amebadilishwa dini, walijikuta nje ya ngazi iliyoelekea chuo kikuu.

Wanawake nao walikuwa wachache mno. Miongoni mwa wanafunzi wa sheria wa miaka hiyo ya mwanzo alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Lakini mfano wake unakumbukwa hasa kwa sababu wenzake wa kike walikuwa haba. Kwa hiyo darasa la kwanza la Mlimani halikuwa sura ya Tanganyika. Lilikuwa sura ya ramani ya misioni, iliyochujwa tena kwa jinsia.

Kutoka mgogoro wa 1966 hadi kozi ya pamoja

Itakumbukwa kwamba Kitivo cha Sheria, tangu mwanzo, hakikutaka kufundisha sheria kama kanuni zilizoagizwa kutoka Uingereza. Wanafunzi wake walitakiwa kusoma pia somo lililohusu matatizo ya kijamii na kiuchumi ya Afrika Mashariki. Wazo lilikuwa jepesi na la maana: mwanasheria asiyejua jinsi mkulima wa nchi yake anavyoishi atamhukumu asiyemjua. Hii ilikuwa mbegu. Ilihitaji mtikisiko ili iote.

Mtikisiko ulikuja tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wote wa elimu ya juu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa na kukubali kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga, na baadhi ya mabango yao yalidai kwamba hata wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kuagiza mishahara ya viongozi wakubwa ipunguzwe. Kitendo hicho cha pili husahauliwa na wanaosimulia cha kwanza. Nyerere aliona kwamba kosa halikuwa la vijana peke yao: serikali nzima ilikuwa imewafundisha kwa mfano wake kwamba elimu ni tiketi ya kuondoka miongoni mwa watu.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata ukatolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo wa Machi ulifanyika Mlimani mkutano juu ya wajibu wa chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Ndipo ilipozungumzwa kwa uzito haja ya kuwa na kozi ya pamoja kwa wanafunzi wote, ili mhandisi na mwanasheria, mwalimu na tabibu, wajifunze jinsi jamii yao ilivyofikia hali iliyo nayo, na nani amefaidika na nani amedhulumiwa njiani.

Utekelezaji ulizua ubishi mkali. Baadhi ya wahadhiri, wengi wao wageni kutoka Ulaya na Marekani, waliona kozi hiyo ni mafundisho ya chama yaliyovikwa joho la kitaaluma. Wengine walidai kwamba chuo kinachokataa kuizungumzia dhuluma kimekwisha kuchagua upande. Kati ya wanafunzi, wale wa mrengo wa kushoto walioanzisha chama chao mwaka 1967 na kuongozwa wakati mmoja na Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Uganda, waliiona kozi kuwa dhaifu kupita kiasi. Waliendesha madarasa yao wenyewe ya itikadi siku za Jumapili, na jarida lao la Cheche lilichapisha uchambuzi ambao mitaala haikuthubutu kuugusa. Novemba 1970 chama chao na jarida lao vilipigwa marufuku. Hapa pana funzo kwa mwanahistoria: dola iliyotaka wasomi wachambue tabaka na unyonyaji haikuwa tayari wachambue kila kitu.

Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo kusimamia somo hilo. Tangu hapo kozi ya pamoja haikuwa tena mgeni anayekaribishwa na vitivo kwa shingo upande. Ilikuwa na walimu wake, utafiti wake na mtihani wake, na kila mwanafunzi alipaswa kuufaulu.

Kilichoonwa na kilichofichika

Tukipima kwa haki, kozi hiyo ilileta mageuzi ya kweli. Kijana aliyesoma sekondari historia ya wafalme wa Uingereza alijikuta akiuliza kwa nini mkonge wa Tanga ulisafirishwa ukiwa malighafi, na kwa nini reli zilitoka mashambani na migodini kuelekea bandarini bila kuunganisha wilaya na wilaya. Idara ya Historia, iliyoanza na Profesa Terence Ranger mwaka 1963, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba Mwafrika ana historia aliyoitenda mwenyewe. Mwaka 1969 kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Mlimani mwaka 1966 hadi 1967 na tena kuanzia 1969 hadi 1974, alitoa mwaka 1972 kitabu chake mashuhuri juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mambo haya hayakubaki kwa wanahistoria. Kwa njia ya kozi ya wote yalimfikia hata mwanafunzi wa udaktari Muhimbili na wa kilimo Morogoro.

Lakini taa inayomulika mbele huacha kivuli nyuma. Chombo kikuu cha uchambuzi kilikuwa tabaka: mnyonyaji na mnyonywaji, nchi tajiri na nchi maskini. Kwa chombo hicho mkulima alionekana, lakini mke wa mkulima hakuonekana vizuri. Nguvu kazi ya kaya ilihesabiwa kama kitu kimoja, kana kwamba anayelima, anayeteka maji, anayetwanga na anayeuza mazao ni mtu yuleyule, na mwenye kupokea fedha ni yeye pia. Ilichukua kazi ya wanazuoni wanawake, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, miongoni mwao Marjorie Mbilinyi wa Taasisi hiyohiyo, kuonyesha kwamba ndani ya nyumba ya mnyonge mna mnyonge mwingine. Polepole suala la jinsia liliingia katika mihadhara. Halikuingia kwa ukarimu wa wenye mtaala. Liliingia kwa kuwa wale waliokuwa hawatajwi walipata nafasi ya kusimama mbele ya darasa.

Dini nayo ilikaa kivulini. Taifa changa liliogopa kuwahesabu watu kwa dini na makabila, na hofu hiyo ilikuwa na busara yake. Nchi jirani zimetuonyesha gharama ya hesabu za namna hiyo zikiangukia mikononi mwa waovu. Serikali ilichagua kutenda badala ya kusema: kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misioni zilitwaliwa ili zipokee watoto wa dini zote. Hata hivyo, kutolizungumza jambo darasani hakukuliondoa mitaani. Malalamiko ya Waislamu juu ya nafasi yao katika elimu ya juu yaliendelea kusemwa misikitini na vijiweni, wakati wasomi waliofunzwa kuchambua ubeberu wa mabenki hawakufunzwa kuchambua ramani ya misioni iliyowafikisha Mlimani.

La tatu ni lugha. Kozi iliyohusu ukombozi wa mkulima ilifundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima huyo haijui. Mwanafunzi aliweza kuandika insha safi juu ya ujamaa na kisha akashindwa kuieleza kwa mama yake likizoni. Idara ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1970, ilithibitisha kwamba taaluma ya chuo kikuu inaweza kusemwa kwa Kiswahili, lakini vitivo vingine havikufuata. Mwaka 1982 Tume ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia kuanzia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Azimio la Musoma: dawa na ugonjwa wake

Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Kwa azimio hilo kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kwanza kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi, kisha apendekezwe na wenzake kazini na chama. Nia ilikuwa njema: chuo kiwapokee watu wazima waliokwisha kuonja maisha ya wananchi, na kozi ya maendeleo isomwe na watu wenye jambo la kuichangia.

Matokeo yalikuwa mawili. Kweli waliingia watu wazima wenye uzoefu, ambao mfumo wa zamani ungewafungia mlango. Lakini idadi ya wanawake ilianguka. Katika miaka hiyo ya kungoja wengi waliolewa, wakazaa, wakafungwa na majukumu ya nyumbani, au hawakupata pendekezo la wakubwa wao wa kazi. Sharti lililokuwa sawa kwa wote halikuwa na uzito sawa kwa wote. Ndani ya miaka michache serikali ililazimika kulegeza, na wanawake wakaruhusiwa kuingia chuoni bila kungoja miaka ya kazi. Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, chuo kiliweka mipango maalumu ya kuongeza wanafunzi wa kike, ikiwemo ya kuwaandaa kwa masomo ya sayansi.

Tukio hili lastahili kukumbukwa na kila mtunga kanuni, wa serikali na wa Kanisa. Haki haikamiliki kwa kuweka kipimo kimoja. Inataka mtu atazame pia kipimo hicho kinamwangukia nani.

Baada ya ujamaa

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi ya Arusha, na mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa. Wapo waliotazamia kwamba somo lililozaliwa na ujamaa lingekufa pamoja nao. Halikufa. Lilibadili mavazi: jinsia, mazingira, idadi ya watu, UKIMWI na utandawazi vikachukua nafasi mbele ya tabaka na ubeberu. Leo vyuo vikuu vingi vya Tanzania, vya serikali na vya mashirika ya dini, humtaka mwanafunzi asome somo la maendeleo.

Kuendelea kuishi huko kuna hatari yake. Somo la lazima ambalo limepoteza ubishi wake hugeuka orodha ya maana za maneno. Mwanafunzi hukariri tofauti kati ya jinsi na jinsia, huandika, hufaulu, kisha husahau. Miaka ya 1960 watu waligombana juu ya kozi hiyo kwa sababu waliamini inaweza kubadili kitu. Pengine ishara mbaya kuliko zote kwa somo la usawa ni pale ambapo hakuna anayeona haja ya kulipinga.

Swali kwa vyuo vya Kanisa

Kanisa si mtazamaji katika historia hii. Shule zetu ndizo zilizochora sehemu ya ramani tuliyoieleza. Hatuna sababu ya kuwaonea haya waliojenga shule porini kwa jasho lao. Wengi wao walimfungulia mlango mtoto ambaye serikali ya kikoloni haikumjali. Lakini mtu anaweza kutenda mema kwa jirani mmoja na, bila kukusudia, kumwacha mwingine nje. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa chuo cha Kanisa anastahili kufundishwa yote mawili.

Chuo cha Theolojia cha Makumira, kilichokuwapo Usa River tangu mwaka 1954 kwa ajili ya kuandaa wachungaji, mwaka 1997 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini. Leo katika vyuo vikuu vya Kilutheri wanasoma walimu na wanasheria pamoja na wanatheolojia, na miongoni mwao wamo wasio Wakristo. Kwa hiyo swali la mwaka 1967 sasa ni letu: kila atokaye hapa, wa fani yoyote, lazima ajue nini juu ya jirani yake?

Luther alilikabili swali lililo karibu na hili. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe na kutunza shule, za wavulana na za wasichana pia. Kwake shule haikuwa mali ya mapadre wala ya wenye nacho. Mji wote unaihitaji, maana Mungu huutawala ulimwengu pia kwa njia ya watu waliofunzwa vizuri. Mwenye kushika fundisho hilo hawezi kuliona somo la wote kuwa nyongeza ya kujazia ratiba.

Mfano ulio karibu zaidi umo katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakukana malalamiko, wala hawakutosheka kuhubiri juu ya upendo. Waliliambia kusanyiko lichague watu saba wa kusimamia meza. Tukiyasoma majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao, tunaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika ndio waliopewa meza. Tena Neno halikupungua kwa sababu hiyo. Luka anasimulia kwamba lilienea.

Tukitumia kipimo hicho, historia ya kozi ya Mlimani inatuachia maswali matatu ya kuulizwa katika kila baraza la chuo. Kwanza, ni nani anayefundisha somo la wote? Somo juu ya usawa wa wanawake ambalo halijawahi kufundishwa na mwanamke lina kasoro ambayo kitabu hakiwezi kuiponya. Pili, je, somo hilo linatuhusisha sisi wenyewe? Ni rahisi kufundisha dhuluma ya Wajerumani na Waingereza. Ni vigumu kufundisha historia ya elimu nchini mbele ya wanafunzi Wakristo na Waislamu walioketi benchi moja, na kuwaachia wote nafasi ya kusema. Tatu, je, mwanafunzi anaweza kuyaeleza aliyojifunza kwa lugha ya usharika wake? Mchungaji anayelijua neno usawa kwa Kiingereza cha mtihani peke yake hajalijua bado.

Hitimisho

Kozi ya pamoja ya Dar es Salaam haikuleta usawa nchini, wala hakuna somo liwezalo kufanya hivyo. Iliwafanya wasomi wa vizazi kadhaa waone aibu kuwa wasomi bila kuuliza elimu yao inamfaa nani, na hilo si jambo dogo. Ilishindwa pale ilipodhani kwamba kumtaja mnyonge katika muhadhara ni sawa na kumpa kiti, na pale ilipoogopa kuchunguza mizizi yake yenyewe.

Vyuo vya Kanisa vimerithi somo hilo pamoja na mafanikio na mapungufu yake. Tunaweza kuliacha liwe saa mbili za usingizi kwa wiki, au tunaweza kulifanya meza ambayo waliosahauliwa wanakaa kama wenyeji. Wanafunzi wanaoingia mwaka huu watakuwa wachungaji, mahakimu na walimu wa watoto ambao hatutawaona. Hao ndio watakaolipa gharama ya uamuzi wetu, au watakaofaidi matunda yake.